Mtoto Asiyehesabiwa Hana Fungu



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha huingia Bungeni Nairobi na mkoba wake akasoma bajeti, nasi huku Pwani hukaa barazani tukasikiliza redio. Tusikilizacho khasa ni bei ya sukari, na unga, na mafuta ya taa. Mwenye gari huuliza petroli, na mwenye duka huuliza ushuru. Yakisha hayo redio huzimwa. Fungu la elimu husomwa, nalo ni katika mafungu makubwa kabisa ya nchi, lakini hatujapata kumsikia mtu barazani akiuliza: je, katika fungu hilo kimewekwa kiasi gani kwa mtoto asiyeona, na asiyesikia, na yule ambaye miguu yake haimchukui, na yule ambaye fahamu zake huenda polepole kuliko za wenziwe? Wala hao si watoto wa mbali. Wamo mtaani mwetu, na baadhi yao wamo katika nyumba zile zile zenye hizo baraza.

Hilo ndilo tutakalo kulisema leo. Sisi si watu wa wizara wala si wanasheria. Kazi yetu ni kusomesha chuoni, na elimu yetu ni ya Qurani na ya skuli ya msingi, basi. Lakini kujumlisha na kutoa twakujua, na jambo hili kwa sehemu kubwa ni hesabu.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba serikali siyo iliyoianza kazi hii. Skuli ya kwanza ya vipofu katika Kenya ilifunguliwa Thika mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu. Za viziwi za mwanzo, Nyang'oma na Mumias, zilisimamishwa na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, ikaanza papo hapo Thika mwaka 1962 kwa mkono wa lile lile Jeshi la Wokovu. Serikali ilikuja nyuma yao. Mwaka 1964 iliunda kamati chini ya Ngala Mwendwa iangalie hali ya walemavu. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vikaanzishwa vituo vya kuwapima watoto hawa ili ijulikane kila mmoja ana upungufu gani na astahili skuli ipi, ndivyo viitwavyo EARC. Na mwaka 1986 kikawekwa chuo cha kuwafundisha walimu wao, KISE, pale Kasarani.

Twayataja haya kwa sababu mwanzo wa jambo huacha alama. Kwa kuwa mtoto huyu alipokewa kwanza na watu wa huruma, basi ikakaa katika vichwa vya watu, wakubwa kwa wadogo, kwamba elimu yake ni huruma. Atakaye atoe, asiyetaka asitoe. Mtoto mzima akikosa dawati, mzazi hupiga kelele kwa chifu, kwa diwani na kwa mbunge. Mtoto kipofu akikosa kitabu, mzazi husema, tumngoje mfadhili.

Januari 2003 ndipo serikali ilipoondoa ada katika skuli za msingi, na kila mtoto akatengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Mwaka huo huo ilikaa kamati ya Kochung kuangalia elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. (Neno hili la mahitaji maalumu ni jipya. Sisi tulikua tukisikia kiwete, zuzu, bubu, na mengine ambayo hayafai kuandikwa katika gazeti linaloingia majumbani. Jipya ni refu, lakini ni la adabu zaidi.) Tangu hapo ikawa ada kwamba mtoto mwenye ulemavu huongezewa kitu juu ya fungu la mwenziwe. Kiwango cha wizara kilichotumika miaka hii ya karibuni ni shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa skuli ya msingi, na mwenye ulemavu huzidishiwa shilingi 2,300. Jumla ni 3,720 kwa mwaka. Katika sekondari kiwango kilichowekwa ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi, na mwenye ulemavu hufikishiwa 57,974.

Mtu akisikia hivyo atasema, mbona amepewa zaidi ya mara mbili ya mwenziwe, ataka nini tena? Basi na tuhesabu. Shilingi 3,720 ukizigawa kwa siku za masomo za mwaka mzima hupata kama shilingi 20 kwa siku, ambazo katika mji wetu hazitoshi chai na mahamri. Mtoto asiyeona husoma kwa maandishi ya Braille, yaani nukta zilizoinuliwa zisomwazo kwa vidole. Huandikiwa kwa karatasi nene, si hii ya daftari, na mashine yake ya kuandikia iitwayo Perkins hutoka ng'ambo. Ukizikusanya fedha zake zote za serikali tangu darasa la kwanza mpaka la sita, usimnunulie hata kalamu, bado hazifikii bei ya mashine moja mpya. Na kitabu kimoja kikichapwa kwa nukta huwa majuzuu kadha, kikajaza rafu nzima.

Kwa upande mwingine, yuko mtoto ambaye ulemavu wake ni mguu mmoja tu. Huyo akipata gongo na njia isiyo ngazi, husoma kama wenziwe, na yumkini 2,300 zikambakia. Naye pia huandikiwa 2,300. Mkato mmoja kwa wote, kana kwamba fundi amekata kanzu za mtaa mzima kwa kipimo cha mtu mmoja. Sisi twaona hapa ndipo hesabu ya serikali ilipo dhaifu zaidi: hupima vichwa, haipimi haja. Watu wa KISE na wa vile vituo vya upimaji wanayajua haya kuliko sisi, kwani wao ndio waandikao katika cheti cha mtoto kwamba huyu ataka hiki na yule ataka kile. Karatasi hiyo ya upimaji lau ingefuatwa na fedha, mambo yangekuwa mengine. Lakini cheti husema lake, na hazina hutoa lake.

Kisha kuna saa ya kutoka fedha. Kwa utaratibu uliowekwa, nusu ya fedha za mwaka hupaswa kutoka muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili, na 20 muhula wa tatu. Huo ndio utaratibu. Yaliyo ni kwamba skuli hufunguliwa Januari, na mwalimu mkuu akakaa akitazama akaunti wiki baada ya wiki. Na mwaka 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe alikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba hazina haimudu kutoa zile 22,244 kamili za sekondari. Skuli ya kawaida ya kutwa huweza kuvumilia: watoto hurudi kwao jioni wakala. Skuli nyingi za watoto hawa ni za kulala. Mtoto kiziwi aliyetoka Garsen au Faza hawezi kuambiwa angoje chakula mpaka Nairobi ikumbuke. Hapo mwalimu mkuu hukopa kwa mwenye duka, na deni huhamia kwa mzazi, akaandikiwa barua ya mchango. Ndipo neno elimu ya bure linapokuwa neno tu, khasa kwa yule ambaye angelihitaji zaidi kuliko wote.

Lakini yote hayo, udogo wa fungu na kuchelewa kwake, ni khabari ya mtoto aliyekwisha kuandikwa. Sasa twataka kumsema asiyeandikwa, na hapa twaomba tusikilizwe, kwani maneno haya yanaelekezwa zaidi kwa wenye nyumba kuliko kwa serikali.

Tangu mwaka 2017 wizara ilianza kuwaandika wanafunzi katika daftari la mitambo lililoitwa NEMIS, kila mtoto kwa nambari yake, na nambari hiyo haikupatikana ila kwa cheti cha kuzaliwa. Fedha zikapelekwa kwa kufuata majina yaliyomo. Maana yake ni wazi: shilingi ya serikali humfuata mtoto aliyeandikwa. Asiye na cheti hakuwa na nambari. Asiye na nambari hakuwa na fungu, ijapokuwa alikuwa amekaa darasani mbele ya mwalimu. Na mtoto ambaye hata darasani hajaletwa, huyo hakuna wa kumwulizia.

Mwaka jana alitujia bwana mmoja baada ya sala ya Alasiri, akatutaka twende kwake tukamsomee mwanawe dua. Tukamwuliza, mtoto ana umri gani? Akasema kumi na mmoja. Tulistaajabu, kwa kuwa bwana huyu ni jirani yetu, nyumba yake ni ya nne kutoka msikitini, na watoto wake watatu wote wamesoma kwetu chuoni. Huyu alikuwa wa nne, na hatukupata kumwona wala kusikia habari zake. Tukaingia, tukamkuta katika chumba cha ua, juu ya mkeka, viungo vyake vimekakamaa na shingo haitulii. Alitutazama. Tulipotoa salamu alijaribu kuijibu, na ingawa ulimi haukumtii, tulifahamu kuwa ni salamu. Mtoto aliyelala miaka kumi na mmoja katika chumba cha ua, hakusomeshwa na mtu, alikuwa amejifunza kuitikia salamu kwa kusikia wageni wa ukumbini.

Tulimsomea dua, kwani dua haikatazwi. Kisha tukamwuliza baba yake: cheti cha kuzaliwa anacho? Hana, alizaliwa nyumbani, na walipoona hali yake hawakwenda kuandikisha. Amepata kupelekwa kupimwa? Hapana. Na walipokuja watu wa sensa mwaka 2019, aliandikwa? Hapo akanyamaza, na mama wa mtoto akajibu kwa nyuma ya pazia kwamba yeye ndiye aliyewapokea watu wa sensa, walimwuliza ana watoto wangapi, naye akasema watatu.

Hatukumlaumu mama yule, wala hatukuja kumlaumu hapa. Twajua alichokiogopa. Mtaani petu nyumba yenye mtoto kama huyu husemwa. Wengine husema ni jini, wengine husema ni adhabu ya jambo alilolifanya baba katika ujana wake, na wengine, ambao hujiona wana akili zaidi, husema damu yao mbaya, basi dada zake wasiposwe. Mama akamficha mmoja ili awasitiri watatu. Lakini tazama nini kilichotokea katika madaftari ya nchi. Mtoto huyu hayumo katika vyeti, hayumo katika sensa, hayumo katika skuli. Kwa hazina ya Kenya yeye hakuzaliwa.

Na wako wengi. Sensa ya 2009 ilipata watu wenye ulemavu milioni 1.3, yaani asilimia 3.5 ya watu. Baada ya miaka kumi watu wa nchi wameongezeka kutoka milioni 38 hadi milioni 47, na sensa ya 2019 ikapata wenye ulemavu hawafiki milioni moja, asilimia 2.2! Ni kweli kwamba maswali yalibadilishwa, na kwamba safari hii watoto wa chini ya miaka 5 hawakutiwa katika hesabu. Hata hivyo, KISE ilipofanya uchunguzi wake wa watoto na vijana wa miaka 3 hadi 21, uliotoka mwaka 2018, ilipata asilimia 11.4. Na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba katika ulimwengu mzima ni kama asilimia 16. Je, sisi Wakenya tu wazima kuliko walimwengu wote? Au ni kwamba nyumba nyingi zilijibu watatu pahali pa wanne?

Ajabu ya mambo ni kwamba, wakati watoto wa kweli hawamo daftarini, wasiokuwako wamo. Uhakiki uliofanywa na wizara mwaka 2025 ulifichua maelfu kwa maelfu ya wanafunzi hewa, majina matupu yasiyo na watoto, ambayo skuli zimekuwa zikiyapokelea fedha. Fikiri, ewe msomaji: jina lisilo na mtoto lina fungu, na mtoto wa chumba cha ua hana.

Wako watakaosema kwamba mambo ya mtoto kama huyu ni ya sadaka, na kwamba Waislamu hawana haja ya kungojea serikali. Sadaka ni kheri, hapana anayeikataa. Lakini tarikhi yetu wenyewe haikusema hivyo. Al-Walid bin Abdul Malik, khalifa wa Bani Umayya aliyetawala Dameski baina ya miaka 705 na 715, ametajwa na At-Tabari kwamba aliwawekea wenye ukoma posho na akawakataza kuomba-omba kwa watu, akampa kila asiyejiweza mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Havikutoka mfukoni mwake, vilitoka Baitul Mali. Ni zaidi ya miaka 1,300 sasa. Na kabla ya hapo, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitoka Madina alipata kumwachia uimamu Ibn Ummi Maktum, naye alikuwa kipofu. Mtu hupewa uimamu kwa sababu amesomeshwa, hakupewa kwa kuonewa huruma. Kwa hiyo anayesema kuwa mtoto asiyeona ni mtu wa kutupiwa shilingi Ijumaa mlangoni pa msikiti, na asitwambie kuwa ameyatoa hayo katika dini.

Na sheria ya nchi pia haisemi huruma. Katiba ya 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na imemtaja mwenye ulemavu khasa, kwamba ana haki ya kuingia katika skuli pamoja na watu. Katiba hiyo hiyo imeifanya lugha ya ishara ya Kenya kuwa moja katika lugha tatu rasmi za Bunge. Mbunge aweza kusimama akanena kwa vidole, naye akaandikwa. Tulipolieleza hili chuoni, watoto walicheka wakidhani twawafanyia mzaha, isipokuwa mmoja, binti asiyesikia, ambaye alifahamu baada ya dada yake kumfasiria kwa mikono. Hakucheka. Aliuliza, kwa mikono vilevile, Bunge liko mbali kiasi gani.

Turudi kwa mtoto wa jirani. Tulikwenda na baba yake kwa chifu kupata barua, na kutoka huko tukaenda kwa msajili wa vizazi. Kumwandikisha mtoto aliyechelewa kuna mzunguko. Mara waleta karatasi hii, mara ile imekosa muhuri. Ilichukua miezi mitano. Kisha akapelekwa EARC akapimwa. Mpimaji alikuwa mwanamke mpole, akamweka mtoto kitini kwa mito, akamwonyesha picha, na mtoto akazitambua karibu zote kwa macho. Akaandika kwamba ulemavu wake ni wa viungo, akili yake ni salama, na aweza kusoma. Mama alipofasiriwa maneno hayo alilia, na sisi tukatoka nje tukangojea.

Skuli yenye kitengo cha watoto wa namna yake, iliyokuwa na nafasi, iko matatu mbili kutoka kwetu. Mama lazima ambebe, kwani kiti cha magurudumu hakiingii katika matatu. Nauli, kwenda na kurudi, ni shilingi 200 kwa siku, na hizo ni kama atakaa huko huko akimngojea. Kwa siku 20 za masomo katika mwezi ni shilingi 4,000. Basi fungu lake lote la serikali la mwaka mzima halimalizi nauli ya mwezi mmoja. Hapo ndipo tulipoijua hesabu hii vizuri, na ndiyo sababu tumekaa kuiandika.

Wenye elimu wanabishana: watoto hawa wawekwe katika skuli zao za peke yao, au wachanganywe na wenziwao? Siasa ya wizara ya mwaka 2018 inaelekea kwenye kuchanganya. Sisi, kama tukiulizwa, twapenda kitengo katika skuli ya karibu, mtoto asome kutwa na alale kwao, ajue ndugu zake na ndugu zake wamjue, na jioni aje chuoni. Lakini kitengo kina ugonjwa wake. Skuli ya peke yao fedha zake zote ni za watoto hao. Kitengo kimo ndani ya skuli kubwa, na mkoba ni wa mwalimu mkuu. Katika skuli moja, jina lake twaliacha, mwalimu wa kitengo alitwambia kwamba kwa miaka miwili hakuona hata senti ya zile 2,300 za watoto wake, na alipouliza akajibiwa kuwa zimetumika kwa manufaa ya skuli yote. Ukutani mwa ofisi palikuwa na rangi mpya. Mwalimu yule alikuwa akinunua plastisini na karatasi kwa mshahara wake.

Dawa ya hili imo katika sheria, na ni ajabu watu hawaitumii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema kila skuli ya serikali iwe na halmashauri ya usimamizi, na katika wajumbe wake awemo mmoja wa kuwasemea wenye mahitaji maalumu. Kiti hicho kipo kwa sheria katika skuli ya mtaa wako. Je, wamjua akikaliaye? Sisi tuliuliza katika skuli tatu za kwetu. Katika ya kwanza kiti ki wazi. Katika ya pili amewekwa mfanyibiashara, mtu mwema, ambaye hakuna mtoto wa namna hiyo kwao wala kwa jamaa zake. Katika ya tatu mwalimu mkuu alitutaka tumwonyeshe sheria hiyo, tukampelekea.

Mzazi aliyebeba mtoto wake mgongoni katika matatu mbili ndiye wa kukaa katika kiti hicho, kwani yeye ajua hata bei ya karatasi. Akiwa humo aweza kuuliza maswali yasiyokuwa na uadui: majina mangapi ya watoto wetu yamepelekwa wizarani muhula huu, fedha ngapi zimeingia kwa ajili yao, lini, na zimenunua nini. Maswali manne. Mwalimu mkuu mwaminifu hayaogopi, tena humsaidia, maana yeye naye hupata la kuandika kwa wakubwa wake fedha zikipungua.

Ndugu zetu mabibi, ninyi ndio mnaowapokea watu wa sensa, na ninyi ndio mnaojua nani yuko chumba cha ua. Ikiwa nyumbani yuko mtoto wa hali hii asiye na cheti, aanzwe kwa cheti, wala asingojewe mpaka apone. Kadi ya kliniki ihifadhiwe, na kama haipo, mkunga aliyemzalisha atafutwe angali hai. Upimaji wa EARC hufanywa siku za kazi. Aende na mtu anayemjua mtoto, si anayemwonea haya, kwa kuwa mpimaji huuliza mengi, hula vipi, hulala vipi, humtambua nani. Na mtoto aliye chini ya umri wa darasa la kwanza asiachwe nyuma: skuli za chekechea ziko chini ya kaunti, si wizara, na huko pia kuna wa kuulizwa.

Jirani yetu sasa amekwisha kuandikisha. Mtoto yumo katika kitengo tangu muhula uliopita, siku tatu kwa wiki, kwa kuwa nauli ya siku tano haipatikani. Mkutano wa wazazi wa kuchagua halmashauri umetangazwa, na kile kiti cha skuli ya kwanza bado ki wazi. Baba alisita, akasema yeye hajui kusema mbele za watu. Mama amesema atakwenda yeye, na sisi tumeahidi kumshikia mtoto siku hiyo.